Utafiti wa Kampasi za Ulaya Usiishie Mezani kwa Wakubwa

Tarehe 13 Mei 2008 maji yalivuja kwenye mashine ya kahawa katika ghorofa ya sita ya Kitivo cha Usanifu Majengo, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi. Hitilafu ya umeme iliyofuata ikawasha moto, na jengo lililosanifiwa na Van den Broek na Bakema, kampuni iliyoheshimika sana katika usanifu wa Uholanzi baada ya vita, likageuka gofu. Sehemu yake moja iliporomoka mchana kweupe. Hakuna aliyepoteza maisha. Wanafunzi walifundishwa kwenye mahema, na kabla ya mwaka kwisha kitivo kilikuwa kimeanza kuhamia katika jengo kongwe lililowahi kuwa makao makuu ya chuo hicho, lililokarabatiwa haraka haraka. Ilisemwa kwamba wangekaa humo kwa muda tu. Hadi leo wamo.

Nimeanza na moto huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika kitivo hicho hicho ndiko ulikokomaa utafiti unaoheshimika zaidi Ulaya kuhusu namna ya kuendesha na kusanifu kampasi za vyuo vikuu. Alexandra den Heijer alitetea tasnifu yake hapo mwaka 2011, na tangu wakati huo yeye na wenzake wamekuwa wakilinganisha vyuo vya Uholanzi, kisha vya Ulaya nzima: vina mita ngapi za mraba, zinagharimu kiasi gani, zinatumika vipi, na zitafaa nini baada ya miaka thelathini. Sababu ya pili nitaifikia.

Dai langu ni jepesi kulitamka. Utafiti huu ni mzuri, lakini unashirikishwa vibaya. Husafiri kutoka kwa watafiti kwenda kwa mameneja wa majengo, na kutoka kwa mameneja wa chuo kimoja kwenda kwa mameneja wa chuo kingine. Ukiuliza katika chumba cha darasa, maktaba, bweni au jiko la mkahawa wa chuo, huwakuti waliousoma. Nami naona hilo si ajali ya mawasiliano.

Tuanze na nadharia yenyewe, maana inastahili heshima. Watafiti wa Delft wanasema kila uamuzi kuhusu kampasi una pande nne: watunga sera wanaotazama malengo ya chuo, wahasibu wanaotazama fedha, watumiaji wanaotazama kazi zao za kila siku, na mafundi wanaotazama hali ya jengo. Uamuzi unaosahau upande mmoja huja kulipiwa baadaye. Mimi sina ugomvi na viti hivyo vinne. Ugomvi wangu ni kwamba katika vikao halisi kiti cha tatu mara nyingi hukaliwa na kielelezo, yaani jedwali la takwimu linaloitwa "mtumiaji", ilhali mtumiaji mwenyewe yuko nje ya mlango.

Ilikuwaje majengo yakapata nguvu kubwa hivyo? Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Bologna, ambacho kwa mapokeo huhesabiwa tangu 1088, kilikaa karne nyingi bila jengo moja la kukusanya wanafunzi wake. Jumba la Archiginnasio lilifunguliwa mwaka 1563. Walimu walifundisha majumbani na katika vyumba vya kupanga. Mwaka 1209 wasomi waliogombana na watu wa Oxford walifungasha wakaenda Cambridge, na kuondoka kuliwezekana kwa sababu hapakuwa na mengi ya kuacha. Chuo kilikuwa watu.

Mageuzi yanayotuhusu ni ya juzi tu. Sweden iliunda kampuni ya serikali ya Akademiska Hus mwaka 1993, na vyuo vikawa wapangaji wanaolipa kodi ya pango kwa kampuni inayotakiwa kuipatia serikali faida. Uholanzi ilikwenda njia nyingine: mwaka 1995 serikali ilivikabidhi vyuo umiliki wa majengo yao. Finland nayo, katika mageuzi ya mwaka 2010, iliweka majengo chini ya makampuni matatu ambayo vyuo vilishika theluthi mbili ya hisa na serikali theluthi moja. Njia tatu, tokeo moja: mita ya mraba ikaingia katika mkoba ule ule unaolipa mshahara wa mhadhiri. Hapo awali bati lililovuja lilikuwa shauri la wizara. Sasa bati likivuja, kuna kozi mahali fulani inayotazamwa kwa jicho baya.

Sisemi mageuzi hayo yalikuwa makosa. Chuo kinachomiliki jengo lake hulitunza kwa akili zaidi kuliko wizara iliyo mbali. Ninachosema ni kwamba tangu siku hiyo swali la majengo likawa swali la elimu, na kwa hiyo halikupaswa kuachiwa idara ya majengo peke yake.

Tazama kipimo kinachotawala fani hii. Unahesabu saa ambazo ukumbi umetumika kati ya saa ungeweza kutumika, kisha unahesabu viti vilivyokaliwa kati ya viti vilivyopo, kisha unazidisha. Ukumbi unaotumika nusu ya wiki, na kila mara nusu ya viti ikiwa wazi, unapata asilimia 25. Meneja akiona asilimia 25 anaona robo tatu ya fedha ikipeperuka. Na kwa kweli kipimo kinafichua mengi. Mimi nimewahi kuketi katika kamati ya ratiba, na ninakiri kwamba wahadhiri, mimi nikiwamo, tuna tabia ya kukamata ukumbi muhula mzima kwa ajili ya kipindi ambacho huenda kisifanyike. Ukumbi unasomeka umejaa kwenye karatasi, na ukipita mlangoni unakuta popo.

Lakini kipimo hicho kina upofu wake. Semina ya watu kumi wanaosoma maandishi ya Kant neno kwa neno katika chumba cha viti arobaini huhesabiwa kuwa hasara. Mhadhara wa watu mia tatu, nusu yao wakitazama simu, huhesabiwa kuwa mafanikio. Ukipanga kampasi kwa kipimo hicho miaka ishirini mfululizo, utakuwa umepanga pia aina ya elimu itakayotolewa humo, bila Seneti kupiga kura hata mara moja. Falsafa, lugha ndogo ndogo, muziki, na kila fani inayohitaji watu wachache na muda mrefu, zitakuwa zimeshindwa kwa hesabu ya kuzidisha.

Na njaa ya takwimu haishibi. Mwaka 2021 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leiden waligundua kwamba juu ya milango ya vyumba vya madarasa viliwekwa vifaa vya kuhesabia watu, vyenye kamera, zaidi ya 350. Chuo kilieleza kwamba nia ni kujua vyumba vinatumikaje. Gazeti la chuo hicho, Mare, lilifanya kazi ambayo gazeti linapaswa kufanya, likachunguza na kuandika. Wanafunzi waliandamana, na mwezi Desemba vifaa vikazimwa. Hebu fikiri: chuo kilitaka kujua wanafunzi wanatumiaje vyumba, kikanunua mamia ya vifaa, na njia iliyokuwa rahisi kuliko zote, yaani kuwauliza na kuwaeleza, ikaja mwisho, baada ya maandamano.

Amsterdam ilikuwa imeshatoa funzo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Mwezi Februari 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walilivamia na kulikalia jengo la Bungehuis, makao ya masomo ya lugha na fasihi, ambalo lilikuwa njiani kuuzwa. Walipotolewa humo wakaingia Maagdenhuis, makao ya utawala, wakakaa hadi Aprili. Walikuwa na hasira juu ya kupunguzwa kwa masomo ya sanaa, lakini pia juu ya chuo kuonekana kama mfanyabiashara wa viwanja, na walidai hesabu za majengo ziwekwe wazi. Mwenyekiti wa bodi alijiuzulu, na tume ikaundwa kuchunguza fedha na majengo. Bungehuis lenyewe? Leo ni Soho House, hoteli na klabu ya wanachama. Palipofundishwa fasihi panaagizwa vinywaji. Sikatai kwamba huenda uuzaji ule ulikuwa na mantiki ya kihasibu. Jengo la kale katikati ya jiji ni ghali kulitunza. Ila mantiki hiyo ingewekwa mezani miaka mitatu kabla, mbele ya watu waliokuwa wakifundisha humo, pengine wangeipinga, pengine wangeikubali, na pengine wangekuja na wazo la tatu. Waliikuta imeshakuwa mkataba.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sijui mfano unaoithibitisha methali hii kuliko Jussieu, jijini Paris. Kampasi ile ilianza kujengwa miaka ya 1960, kwa mpango wa msanifu Édouard Albert, na vyuma vyake vilikingwa moto kwa asbesto. Katikati ya miaka ya 1970 wanasayansi na wafanyakazi wa humo humo, akiwamo mtaalamu wa sumu Henri Pézerat, walianza kupiga kelele: vumbi hili linaua. Hao ndio watumiaji. Hawakuwa na cheo katika idara ya majengo, lakini walikuwa na maabara, wakachunguza hewa waliyokuwa wakiivuta. Ilipita miaka ishirini. Mwaka 1996 Rais Jacques Chirac aliahidi hadharani kwamba kabla ya mwaka kwisha hapangekuwa na wanafunzi Jussieu, na tarehe 1 Januari 1997 marufuku ya asbesto ilianza Ufaransa nzima. Ahadi ya Rais haikutimia kwa tarehe yake. Kazi ya kuondoa asbesto na kukarabati ilichukua takriban miaka ishirini mingine, na gharama zikapita euro bilioni 1.5.

Hesabu hiyo ndiyo ningependa ibandikwe katika kila ofisi ya mipango. Ulikuwapo utafiti wa kampasi, umefanywa ndani ya kampasi, na watu wa kampasi, kuhusu kampasi yao. Haukuhitaji kusafiri hata mita mia ili kufika kwa waamuzi. Miaka ishirini.

Sasa tunaambiwa kuhusu kampasi ya wakati ujao. Katika kitabu chake cha mwaka 2021 den Heijer anatumia mfano wa hali tatu za maada: kampasi yabisi, ambapo kila idara ina himaya yake yenye ufunguo, kampasi kimiminika, ambapo nafasi zinachangiwa na milango iko wazi kwa wengi, na kampasi gesi, ambapo mtu husoma na kufanya kazi popote, na jengo linakuwa mahali pa kukutana tu. Mfano huu ni mzuri, na yeye hasemi kwamba tugeuke gesi sote. Anataka vyuo vichanganye hali hizo kwa kupima. Lakini wazo likishatoka mikononi mwa mtafiti hupata mabwana wengine. Meneja mwenye madeni akisikia "gesi" anasikia kitu kimoja: majengo machache.

Septemba 2022, bei ya nishati ilipopanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, Chuo Kikuu cha Strasbourg kilitangaza kuongeza wiki moja ya kufunga baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, na wiki nyingine ya masomo ya mtandaoni mwezi Februari, ili kuokoa gharama za kupasha joto. Wanafunzi walilalamika, na walikuwa na haki. Joto lisilolipwa na chuo halipotei hewani. Linalipwa na mwanafunzi katika chumba chake cha kupanga, au halilipwi, naye anafuatilia mhadhara amejifunika blanketi. Katika vitabu vya chuo huo ni uokoaji. Katika mfuko wa mwanafunzi ni bili. Utafiti unaopima upande wa kwanza bila wa pili unapima nusu ya kampasi, na hiyo gesi tunayosifiwa inageuka kuwa njia ya kumsukumia mnyonge gharama za jengo.

Uingereza nako mzigo umesukumwa mbele zaidi. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Oxford kiliuza hatifungani za pauni milioni 750, zitakazolipwa mwaka 2117. Oxford ina jina la kubeba deni la miaka mia. Vyuo vingine vilivyokopa ili kujenga vilitegemea ada za wanafunzi, hasa wa kigeni, ambao idadi yao haitabiriki kama riba inavyotabirika. Wanafunzi wanaotoka Lagos, Mumbai au Dar es Salaam kwenda kulipa ada hizo hawajui kwamba sehemu ya ada hiyo huenda ikalipia jengo lililopangwa kabla hawajamaliza shule ya msingi.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa hivyo ana kwa ana na wenzangu ninaowaheshimu. Mwanafunzi hukaa miaka mitatu, jengo hukaa miaka sitini; vipi mpita njia aamue mambo ya mwenye nyumba? Ni hoja yenye uzito kuliko inavyoonekana, maana kila kizazi cha wanafunzi kina hamu zake na hakitakuwapo kujibu. Lakini tuihesabu mpaka mwisho. Wajumbe wa bodi hukaa miaka mingapi? Mshauri aliyekodiwa kuchora mpango wa miaka thelathini hukaa miezi mingapi? Msafishaji wa Jussieu aliyevuta vumbi lile toka ujana hadi kustaafu alikaa kuliko marekta wote. Ukidumu ndio uwe kigezo, basi kiti cha kwanza apewe fundi bomba.

Jibu la pili ni kwamba utafiti uko wazi tayari, atakaye na ausome. Ni kweli kwamba Ulaya imepiga hatua kubwa katika kuweka matokeo ya utafiti wa fedha za umma mtandaoni bila malipo. Tasnifu ya den Heijer yenyewe ipo, yeyote anaweza kuipakua. Lakini kuweka faili kwenye ghala si kushirikisha. Tasnifu inaeleza kanuni za jumla. Mwanafunzi wa Amsterdam alihitaji kujua habari za Bungehuis: linagharimu kiasi gani kwa mwaka, deni ni la nani, mnunuzi atalipa lini. Kanuni ziko wazi, na takwimu za jengo lako mwenyewe zinafunikwa kwa jina la siri ya biashara. Huko ndiko ninakoona si ajali. Mtu asiye na takwimu hujadili rangi ya mapazia.

Hapa narudi Delft. Moto ulipowanyang'anya kila kitu, kitivo cha wasanifu kilijikuta ni mteja na mtaalamu kwa wakati mmoja. Waliokuwa wakifundisha namna ya kuuliza mahitaji ya watumiaji ndio waliokuwa watumiaji. Wahadhiri wengi walipoteza ofisi zao binafsi, wakachangia meza. Ua wa ndani ukaezekwa ukawa ukumbi wa pamoja. Sidhani wote walifurahi, maana mhadhiri na mlango wake ni kama konokono na koa lake. Lakini hali kimiminika walioingia waliijua sababu yake, na wengi waliona kwa macho yao chaguo zilizokuwapo. Jengo la dharura likashinda mengi yaliyopangwa kwa miaka kumi. Lingekuwa jambo la aibu kama vyuo vingine Ulaya vitahitaji mashine ya kahawa kupata akili hiyo.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu nasi tunajenga. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa mradi wa HEET, na vyuo vya umma Tanzania vimekuwa vikiinua kumbi, maabara na mabweni kwa kasi ambayo kizazi changu hakikuiona. Kampasi ya Mlimani yenyewe ilichorwa na kampuni ya Uingereza, Norman & Dawbarn; tumezoea kupokea ramani kutoka Ulaya. Makosa yao hatujazoea kuyapokea, ingawa hayo yanatolewa bure na yana faida kubwa kuliko ramani. Mkopo wa kujenga una mwisho. Lifti, paa, mabomba na viyoyozi havina, na kila jengo jipya linaingia katika mkoba ule ule nilioutaja, mwaka baada ya mwaka, baada ya wageni waalikwa kuondoka na utepe kukatwa.

Kwa hiyo ninayoyataka ni machache, na nayataka huko Ulaya kabla ya kuyataka hapa, maana huko ndiko kwenye takwimu tayari. Kila jengo la chuo cha umma liwe na ukurasa mmoja unaoeleza kwa lugha ya watu wake: lilijengwa lini, ni la nani, linadaiwa nini, linakula kiasi gani kwa mwaka, linatumika vipi na nani. Ukurasa huo ubandikwe mlangoni. Watafiti wanaolinganisha kampasi za nchi kumi warudi na matokeo yao katika kila kampasi waliyoipima, wakayaseme mbele ya wanafunzi, wapishi na walinzi kama wanavyoyasema mbele ya mameneja. Kifaa chochote cha kuhesabu watu kisifungwe kabla wanaohesabiwa hawajaambiwa na kukubali. Na uamuzi wa kuuza jengo la kufundishia upite kwanza Seneti, ukiwa na hesabu zake zote, muhula mzima kabla ya kusainiwa.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, nina ombi la nyongeza. Faili la mradi wa jengo la chuo likifika mezani kwako, tafuta ukurasa wa gharama za matengenezo kwa miaka ishirini ya kwanza, na jina la atakayezilipa. Usipouona, lirudishe.